Mgeni Aliyekaa Ndani ya Kamera

Jumapili, 23 Juni

Jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Bibi: nikiwa peke yangu najiita Mhandisi. Mhandisi Fadhila. Nagonga mlango wa chumba changu kutoka ndani, nauliza kama Mhandisi yupo, najibu kwamba yupo lakini ana kazi nyingi. Basi. Nimeliandika.

Na leo Mhandisi amepata kazi yake ya kwanza!

Ni hivi. Baba anauza ndagala, dagaa wa ziwani. Bibi, mama yake, ndiye anayezianika uani juu ya mikeka, na tangu mwezi uliopita zinapungua. Asubuhi mkeka umejaa samaki, mchana mkeka una kipara katikati. Baba ameshuku watoto wa mtaa, paka na mimi. Mimi! Mtu anayesoma huku anakula na hajui amekula nini!

Hapa Kavimvira tuko mpakani, kila kitu kinapita. Jana Baba akanunua kamera ya ulinzi kwa muuzaji wa vitu vilivyokwisha kutumika. Nyeupe, jicho moja, antena mbili kama masikio ya sungura, paneli ndogo ya jua, kadi ya simu ndani yake. Inaona, inasikia, inasema. Baba akaipigilia juu ya mlango wa jiko, akajaribu kuifungua kwenye simu. Ikagoma. Akaiita jina ambalo siandiki hapa.

Ndipo nikafanya jambo la ushujaa. Nikasema. Kwa sauti. Mbele ya watu watatu. Nikasema mimi naweza kuitengeneza.

Lazima nieleze ushujaa huo una uzito gani. Prefe, yaani mkuu wa shule yetu, anataka kila mwanafunzi wa mwaka wa nane aseme kabla ya likizo atasomea seksyo gani ya masomo mpaka diplome ya sekondari. Baba anataka nisomee biashara, nikae naye dukani. Mimi nataka elektroniki. Tumebishana tangu Ramadhani, maana yake Baba anabisha na mimi naangalia vidole vya miguu yangu. Leo akasema anakwenda Kamanyola kununua mchele, atarudi Jumamosi. Akikuta nimeifanya kamera ifanye kazi, elektroniki. Asipokuta, biashara, na asisikie tena habari za waya nyumbani mwake.

Bibi ni shahidi. Mama angekuwa shahidi pia, lakini yuko Kigoma kwa dada yangu aliyejifungua; aliniachia simu yake kubwa, akaenda na ile ya vitufe. Shahidi mwingine, kwa bahati mbaya, ni Merdi. Merdi ni mwana wa jirani. Anasomea elektroniki, mwaka wa pili, na anatembea mikono mifukoni kama mtu aliyegundua umeme. Alikuwa amekuja kurudisha kinu chetu. Alicheka mpaka akakitua. Akasema: “Weye? Weye unaogopa kusalimia watu, utasemesha mashine?”

Mashine hazitaki kusalimiwa, yaya Merdi, kaka mkubwa. Ndiyo sababu nazipenda.

(Jibu hili nililipata alipokwisha kuondoka.)

Jumatatu, 24 Juni

Mtihani wa historia asubuhi. Nilimaliza wa kwanza, nikarudi mbio. Nimejaribu kuifungua kamera kwa simu ya Mama. Chini ya tumbo la kamera kuna mraba wa vidoa vyeusi. Unaupiga picha kwa simu na kamera inakuwa yako. Rahisi!

Nikapiga. Maandishi yakatokea: kifaa hiki kimeunganishwa na akaunti ya mtu mwingine, mwombe mwenyewe akiondoe.

Mwenyewe nani? Wanaonyesha herufi ya kwanza tu. N, kisha nyota nyingi kama anga la Julai.

Mpango wa kwanza: sindano. Kuna tundu dogo nyuma. Ukichoma, kamera inaanza upya. Niliazima sindano ya Bibi ya kushonea mikeka. Nikachoma. Mwanamke aliye ndani ya kamera akasema kitu kwa Kiingereza, taa ikazima, ikawaka. N bado yupo.

Mpango wa pili: kusahaulisha. Kitabu changu cha fizikia (hakina jalada wala sura ya kwanza, lakini kuanzia sura ya pili nakijua chote) kinasema chaji iliyobaki ndani ya kifaa hupotea polepole. Nikawaza: kumbukumbu nayo ni chaji. Na watu wote huweka simu iliyolowa ndani ya mchele, mchele unavuta maji. Kwa nini usivute kumbukumbu? Nikatoa betri, nikaizika kamera ndani ya gunia la mchele, nikasoma sura mbili, nikaizikua.

N bado yupo. Na sasa kamera ina punje ndani ya tundu la sindano. Bibi ameuliza kwa nini mchele una harufu ya plastiki. Nimesema sijui, na kwa maana ya kisayansi ni kweli, sijui.

Kwa muuzaji sikuenda mwenyewe, nilimtuma Bibi. Muuzaji alisema hakumbuki nani alimletea, kwake vitu vinaingia na kutoka kama watu msibani.

Merdi akachungulia juu ya ukuta. Akasema nisijisumbue. Akasema: “Iko na mwenyewe. Hata uipike mu supu, iko na mwenyewe.” Halafu akaongeza, akiwa anashuka, kwamba huyo mwenyewe anatuona hata sasa.

Sikuwa nimefikiria hilo. N anatuona! Na jana, nilipobaki peke yangu uani, nilicheza. Kwa furaha ya kuwa Mhandisi. Nilicheza na ufagio. Sijawahi kucheza mbele ya binadamu yeyote, hata arusini kwa dada yangu, na sasa N amenitazama wimbo mzima.

Jumanne, 25 Juni

Siku kubwa!

Mpango wa tatu ulikuja wakati wa mtihani wa hesabu. Kama N anatuona, N anaweza kusoma! Hakuna haja ya kuongea na mtu. Naandika, anasoma, anaondoa, kwisha. Ni mpango uliotengenezwa kwa ajili ya mtu kama mimi.

Nikachukua kartoni ya sabuni. Mwalimu wa Kifaransa ametufundisha barua rasmi, na barua isiyo rasmi kwa mtu usiyemjua ni utovu wa adabu. Kwa hiyo: mahali, tarehe, kusudi la barua, Mheshimiwa N, nina heshima kubwa ya kuja mbele yako. Aya nne. Sahihi. Nikapanda benchi mbele ya kamera, nikashika kartoni mbele ya uso wangu. Kartoni kwa sababu ya barua. Mbele ya uso kwa sababu yangu.

Nilisimama. Mikono ikachoka, ikafa, ikafufuka. Bibi alikuwa nyuma yangu anageuza ndagala.

Kamera ikasema: “Mwaramutse!”

Nilianguka kutoka kwenye benchi.

Bibi, bila kuinua kichwa, akaitikia salamu hiyo ya Kirundi: “Mwaramutse neza!” Kisha akauliza ni nani huko mlangoni, aingie, mlango haukufungwa. Hapakuwa na mtu mlangoni. Kamera ikauliza habari za nyumbani. Bibi akasema nzuri. Kamera ikauliza habari za watoto. Wazima. Habari za samaki. Bibi akasema samaki ndio tatizo. Kisha ikawa zamu ya Bibi kuuliza, na kamera ikajibu kwamba mihogo imezaa vizuri, mahindi yanaliwa na nyani. Waliendelea hivyo mpaka salamu zote zikaisha, na ndipo Bibi akaona amekuwa akisalimiana na mlango wa jiko.

Hakukimbia. Alirekebisha mtandio. Akauliza: “Ni nani, mwenzangu?”

N ni Mama Ninahazwe! Mkulima wa Runingu, kule bondeni Ruzizi. Kiswahili chake kinatembea pole pole na kinapumzika kwenye Kirundi. Akasema anatuona tangu Jumamosi na roho inamuuma, kwa sababu alikolelewa mtu hachungulii uani kwa watu akapita kimya kama mwizi. Lakini aliona haya kuanza. Leo hakuweza kuvumilia, maana ameona mtoto amesimamishwa juu ya benchi muda mrefu, amefunikwa uso kwa kartoni, na hata akiwa na kosa gani hiyo adhabu ni kali. Anamwombea msamaha.

Bibi akaniangalia nikiwa chini ya benchi. Akasema hajui nimefanya nini, lakini kwa heshima ya mgeni amenisamehe.

Niliinua kartoni kidogo, ili asome. Akasema anaona kitu kama siafu. Hana miwani.

Jumatano, 26 Juni

Mgeni amekwisha kuzoea. Asubuhi Bibi alihamisha mikeka yake ili akae akiielekea kamera, kwa sababu haifai kumpa mgeni mgongo.

Nimejua historia yote bila kuuliza neno. Mama Ninahazwe alikuwa na mbuzi. Mwanawe Ndihokubwayo akafunga kamera zizini. Mbuzi wakauzwa, kamera ikauzwa, Ndihokubwayo akaenda kutafuta kazi Bukavu, simu ikabaki kwa mama. Naye kila akitoka shambani anaifungua kama alivyozoea, kutazama mbuzi. Jumamosi akafungua akatukuta sisi. Akasema tunapendeza kuliko mbuzi. Bibi amelipenda neno hilo.

Wanabishana kuhusu unga wa muhogo, wa kwao na wa hapa. Bibi aliposimama kuswali adhuhuri kamera ilinyamaza kabisa, na alipotoa salamu ikasema Mungu apokee. Bibi akamuuliza na yeye kama amekwisha kusali rozari yake. Wametambulishana mpaka wajukuu.

Na mimi nina mpaka Jumamosi!

Mpango wa nne: hotuba. Nilitunga maneno machache ya kumwomba aondoe kamera kwenye simu yake, nikayakariri kama shairi. Nikasimama uani. Nikasema: Mama Ninahazwe. Akaitika kwa Kirundi: “Karame, mwanangu!” Kwa upole sana. Upole ule ukanivuruga. Kichwa changu kikatafuta maneno niliyokariri na kikaleta ya mtihani wa kesho wa biolojia. Nikamweleza sehemu zote za ua la mahindi, dume na jike, mpaka uchavushaji.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ndivyo ilivyo, hata kwake mahindi yako hivyo hivyo.

Nikaenda kulala chini ya meza.

Lakini! Ngoja! Jambo la furaha! Mama Ninahazwe akasema, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, kwamba yule bata mweupe wetu anapenda sana samaki. Bibi akauliza bata gani. Sisi hatufugi bata. Akasema yule anayeingia kwa tundu nyuma ya choo, kila Bibi akienda kutawadha, anakula katikati ya mkeka halafu anajipangusa mdomo kwenye kanga ya kwenye kamba.

Bata mweupe ni wa kwao Merdi!!

Bibi alikwenda kwa mama yake Merdi na kurudi. Merdi akaletwa kuziba tundu. Mikono nje ya mifuko! Alitia jiwe. Nilitaka kumwambia jiwe ni dogo, kwa hesabu ya upana wa bata, lakini nilikuwa ndani, nachungulia dirishani.

Alhamisi, 27 Juni

Nimeweza! Nimesema!

Njia niliigundua mwenyewe. Kinachonishinda ni kuonwa. Kwa hiyo niliingia jikoni, nikarudisha mlango, nikasema kutoka nyuma yake, sauti kwa sauti. Nikamwambia Mama Ninahazwe yote: Baba, Jumamosi, elektroniki, duka, herufi N. Akasema maskini, kumbe amekalia kiti cha mtu na hakuambiwa. Akasema nimwelekeze tu, ataondoka mara moja.

Nilipiga kelele ya furaha. Sufuria moja ilianguka.

Bibi akainuka kutoka kwenye mkeka.

Akauliza ninafanya nini. Ninafukuza mgeni? Mtu aliyekuja kwa salamu, aliyeniombea msamaha, aliyemtaja mwizi wa samaki, ninamwambia abonyeze kitu apotee kama moshi? Hajanywa hata chai! Na nani atamsindikiza?

Nikatoka jikoni, kwa kuwa jambo lilikuwa zito. Nikaeleza kwa kutumia fizikia. Mama Ninahazwe yuko Runingu. Hakuja. Akiondoka anakuwa Runingu. Hakuna umbali wa kumsindikiza, umbali ni sifuri. Bibi akasema mtu ambaye macho yake yako hapa na mdomo wake uko hapa, huyo amefika, na mtu aliyefika anasindikizwa mpaka barabarani. Akamgeukia mwenyewe kumuuliza. Na Mama Ninahazwe, ambaye nilidhani yuko upande wangu, akasema kwa sauti ndogo kwamba kweli, hata yeye alikuwa anaona haya kuinuka hivi hivi.

Wazee wawili dhidi ya fizikia!

Imeamuliwa: kesho baada ya alasiri Mama Ninahazwe atasindikizwa mpaka barabara kubwa, pale magari ya bondeni yanapopakia. Huko ndiko atabonyeza. Leo anakula. Sahani ya wali na samaki aina ya mukeke iliwekwa juu ya kigoda chini ya kamera, na chai ya tangawizi. Alitushukuru, akasifu rangi ya mukeke. Mimi nikala kwa niaba yake.

Nimefikiri sana na naona ni heri. Kamera ina betri na kadi yake, barabarani itafanya kazi kama ukutani. Ijumaa iko kabla ya Jumamosi. Nitaibeba mwenyewe. Nini kinaweza kuharibika?

Ijumaa, 28 Juni

Tulitoka hivi: Bibi mbele, kavaa kitenge cha Idi. Mimi nyuma, na sinia ya maharusi, na juu ya sinia kamera imeketi juu ya kitambaa cheupe, jicho mbele ili mgeni aone njia. Baadaye mama yake Merdi, kwa sababu ya bata. Baadaye watoto. Baadaye, sijui walitoka wapi, watu.

Wabadilisha fedha waliinuka kutoka kwenye viti vyao vya plastiki. Mmoja akauliza kama ni televisheni imekuja kuwahoji. Bibi akasema ni mgeni wa Runingu anarudi kwake. Yule mtu akainama, akaitazama kamera, akasema “Jambo, mama,” kama kawaida, na Mama Ninahazwe akamjibu, na watu wakapiga yowe! Mwingine akasema shangazi yake anakaa Runingu, karibu na kanisa, asalimiwe. Mama Ninahazwe akasema anamjua, jana mguu ulikuwa unamuuma. Tulisimama kila hatua chache. Mama mmoja muuza machungwa alitaka kumpa machungwa.

Na mimi katikati. Mimi!

Kwenye magari Bibi akasimama. Akasema hapa ndipo tunapoachia wageni. Akampa dereva mmoja kifurushi cha ndagala akishushe Runingu kwa Mama Ninahazwe, kwa sababu mgeni haendi mikono mitupu. Mama Ninahazwe akalia. Sauti ya kilio ilitoka kwenye kamera na wanawake wawili ambao hawajui habari yoyote wakalia pia. Akaaga kwa Kirundi, “n’agasaga”. Bibi akasema “n’agasaga”.

Ikawa zamu yangu. Nikasema, kwa sauti, mbele ya Kavimvira yote: Mama, bonyeza vidoa vitatu vya juu. Sasa shuka mpaka neno jekundu, la mwisho kabisa. Bonyeza. Sasa bonyeza ndiyo. Sikutetemeka! Sikuchavusha hindi lolote! Kamera ikapepesa taa, mwanamke wa Kiingereza akatangaza neno lake, taa nyekundu ikawa ya buluu.

N hayupo!

Watu wakapiga makofi. Nikaiinua kamera juu kwa mikono miwili kama kombe. Juu sana, ili wote waione, na ili waione yenyewe wasinione mimi. Niliishika hivyo muda mrefu. Kila mwenye simu alipiga picha. Hata Merdi! Alikuwa amekuja, amesimama karibu kabisa, chini yangu, ameinua simu yake kuelekea tumbo la kamera. Nikawaza: hatimaye ananiheshimu.

Nikaishusha. Nikatoa simu ya Mama. Nikapiga picha ule mraba.

Kifaa hiki kimeunganishwa na akaunti ya mtu mwingine.

Herufi ya kwanza: M.

M!!!

Jumamosi, 29 Juni

Asubuhi Merdi alikuwa juu ya ukuta kama kuku aliyetaga. Akasema si kosa lake, mashine inamjua anayewahi. Akasema ataondoa akaunti yake, bila shida, nikimwambia Baba mbele ya watu kwamba yeye Merdi ndiye aliyeitengeneza. Nikawaza duka. Nikawaza maisha yangu yote nikipima mchele, na Merdi akipita na kipima-umeme mfukoni.

Nikamwendea Bibi. Nililia kidogo, naandika kwa sababu ni kweli. Bibi hakuelewa akaunti wala mraba. Aliuliza neno moja tu: sasa Merdi ndiye anayetuona?

Nikasema ndiyo.

Na hajasalimu?

Bibi akasimama chini ya kamera. Akasema: “Merdi, mwanangu, habari ya asubuhi.” Kimya. Akasema anamngoja. Kimya. Akasema tena, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili, kwamba kuna kijana hapa amelelewa vizuri na mama yake, anatazama nyumba ya watu na hana salamu. Kwao tukasikia mama yake akiuliza ni nini.

Kamera ikasema kwa sauti ndogo: “Jambo, Bibi.”

Bibi akasema vizuri, amekaribishwa, basi kwa kuwa macho yake yako hapa, asaidie. Bata wake huyo anaingia. (Jiwe lilikuwa dogo! Nilijua!) Merdi akaja, akamtoa bata, akarudi. Hajakaa, Bibi akasema: “Merdi, kunguru!” Akaja. “Merdi, unaona ule mkeka wa mwisho, jua limeuacha.” Akaja akauvuta. “Merdi, mwanangu, ile ndoo unaionaje?” Alikuja akaenda kuchota. Mara moja alijaribu kunyamaza, na Bibi akamwambia mama yake, juu ya ukuta, kwamba anahofu kijana ni mgonjwa, haitiki. Mama yake akamleta mwenyewe kwa sikio.

Jua lilipokuwa utosini Merdi alisimama mlangoni kwetu, suruali imelowa mpaka magotini, magamba ya samaki kwenye nywele. Akasema: “Fadhila, nakuomba, ichukue.” Akaondoa akaunti yake mbele ya macho yangu. Safari hii kamera ilikuwa imeshushwa, Bibi ameikumbatia tumboni, imefunikwa kanga. Nikapiga picha mraba ndani ya kanga.

F! F na nyota! Bibi akafunua kanga, ua wetu ukatokea ndani ya simu, na mimi ndani ya ua, narukaruka!

Baba akafika alasiri. Na katika gari la mchele, mbele, karibu na dereva: Mama Ninahazwe! Alipokea zile ndagala akaona haiwezekani kushukuru kutoka mbali. Alisimama barabarani Runingu, akasimamisha magari, akiuliza kila gari kama kuna mtu anayejua nyumba ya Kavimvira yenye kamera nyeupe na bata mweupe. Gari la tatu lilikuwa na Baba. Ni mfupi kuliko sauti yake. Aliisalimia kamera kwanza, kisha sisi.

Wote wakamweleza Baba kwa pamoja. Baba akatazama simu. Ua unaonekana, samaki wote wapo. Nikapumua. Halafu Bibi, ambaye hajui kuficha, akasimulia na ya jana: kombe, Merdi, M. Na ya leo asubuhi.

Baba akasema kwa haki, aliyeifanya kamera ifanye kazi ni Bibi, na Bibi hawezi kupelekwa elektroniki. Nikaangalia vidole vya miguu yangu. Nikaona duka lote pale, kati ya kidole gumba na cha pili.

Kisha akasema amewaza jambo jingine. Mtu anayenyang’anywa kitu akiwa amekishika kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, mchana, mbele ya watu wote, naye anatabasamu, mtu huyo yeye hawezi kumwachia duka. Hata asubuhi moja. Wangemwibia hata mizani. Jumatatu atakwenda kumwambia prefe: elektroniki.

USHINDI! Sayansi imeshinda! Naandika kwa ajili ya historia kwamba mambo yalikwenda kama nilivyopanga tangu mwanzo. Sindano, mchele, kartoni, kombe: kila kimoja kilikuwa na sehemu yake. Hata Baba amekiri kwamba sifai kitu kingine.

Baada ya chakula Mama Ninahazwe aliniita. Akasema kwa kuwa mimi ni fundi, je, naweza kuitoa ile sauti ya tik tik inayotoka kwenye simu yake kila akibonyeza. Ndihokubwayo alishindwa. Nikasema mhandisi hatoi tik moja moja, mhandisi anaanza upya. Nikaichukua simu jikoni. Nikashika kitufe cha kuwasha na cha sauti kwa pamoja, nikachagua kufuta vyote, nikakubali. Simu ikazima, ikawaka, safi kama mpya. Hailii tik tik. Inaomba akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Niliandika ya Ninahazwe, ikakataa. Niliandika ya Ndihokubwayo, ikakataa. Herufi inayoonyeshwa ni K.

Mama Ninahazwe ameuliza kutoka uani kama iko tayari. Nimesema karibu. Nimetafuta kartoni nyingine, kubwa kuliko ya sabuni. Nimeandika mahali, tarehe, kusudi la barua, Mheshimiwa K. Safari hii kwa herufi kubwa, kama hana miwani. Nimeisimamisha simu juu ya kabati, jicho lake likinielekea. Nimepanda benchi, nimeshika kartoni mbele ya uso, na ninangoja.